Goti Lisilouma Si Goti Lililopona

Wanangu mnaocheza mpira, mnaoruka kwenye netiboli na kikapu, mnaokimbia kwenye viwanja vya shule na vya mchangani, nawaandikia kwa sababu umri umenipa nafasi ya kuona mwisho wa mambo ambayo nyinyi mnauona mwanzo wake tu. Nimefanya kazi ya mazoezi tiba hospitalini hadi nikastaafu. Vijana waliopita mikononi mwangu wakiwa na magoti yaliyochanika ni wengi. Leo ni watu wazima, wana watoto, tunakutana sokoni na misibani. Baadhi yao wanatembea wima na bado wanacheza mpira wa maveterani siku ya Jumapili. Wengine wanashuka kwenye daladala kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili, na hawajafika miaka arobaini. Nikiwatazama, mara nyingi sioni kwamba kilichowatenganisha ni ukubwa wa jeraha au uwezo wa familia. Wale wa kwanza walikubali kungoja hata baada ya maumivu kwisha.

Nasaha yangu basi ni moja, na yote nitakayosema yanatoka humo: maumivu yakiondoka, msidhani goti limepona. Maumivu huwahi kuondoka. Kupona hufuata nyuma yake kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo ya kati ndipo vijana wengi hupoteza magoti yao kwa mara ya pili.

Kwanza mjue mnachokichezea. Goti linakutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake kimekaa kilegesambwa. Linashikwa na ligamenti nne kubwa: mbili za pembeni, na mbili za ndani zinazopishana. Ile ya mbele kati ya hizo mbili za ndani ndiyo inayoitwa ACL, jina ambalo siku hizi hata watoto wa mchangani wanalijua. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele, na usizunguke kupita kiasi unapogeuka. Katikati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu, meniska, vinavyopokea uzito wa mwili kila unapokanyaga na kuutawanya ili mifupa isisagane.

Wengi wenu mnadhani goti huchanika kwa kugongwa. Inatokea, lakini mara nyingi zaidi ACL huchanika bila mtu yeyote kukugusa. Umekimbia, ukasimama ghafla. Au umeruka kupiga kichwa ukatua kwa mguu mmoja, goti likaelekea ndani. Au njumu zimeng'ang'ania nyasi huku mwili umeshageuka. Husikika kitu kimekatika ndani. Ndani ya saa chache goti linavimba, kwa sababu ligamenti ina mishipa ya damu na damu hiyo imejaa kwenye kiungo. Usiku haulali. Baada ya wiki mbili au tatu uvimbe umepungua, unatembea, unapanda ngazi, na rafiki zako wanakwambia ilikuwa kuteguka tu.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Goti lisilo na ACL linaweza kutembea barabarani bila shida yoyote. Litakusaliti siku utakapogeuka ghafla: mguu utalegea, utaanguka, na kila linapolegea namna hiyo mifupa inazibana zile meniska na kuzichana. Nimewaona vijana walioumia ligamenti moja tu, wakacheza nayo msimu mzima kwa siri, wakafika hospitalini meniska zimeharibika kiasi cha kutoweza kushonwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Goti linaweza lisikuue, lakini ukilificha litakuumbua mbele ya watu, katikati ya uwanja.

Kwa hiyo siku ya kuumia, toka uwanjani. Usirudi kujaribu. Kaa, inua mguu, funga bendeji isiyobana sana, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha na urudie. Usikubali mtu akuvute mguu, akukande kwa maji ya moto au akuchue siku hizo za mwanzo. Nawaheshimu wachuaji wa mitaani. Misuli mingi iliyokaza wameilegeza. Lakini ligamenti iliyokatika ndani ya kiungo haiungiki kwa mkono, na goti lililojaa damu likichuliwa huzidi kuvimba. Kama kuna kiongozi wa timu anayekuletea dawa ya kupuliza au sindano ya kuua maumivu ili umalize kipindi cha pili, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Maumivu yale ndiyo mlinzi pekee uliyebaki naye.

Nenda hospitali, na ukifika useme yote: ulivyotua, ulichosikia, goti lilivimba baada ya muda gani, na kama linalegea. Maelezo hayo yanamsaidia daktari kuliko mnavyofikiri. Jueni pia kwamba picha ya eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti na meniska hazionekani humo. Kijana anaambiwa picha iko safi, anafurahi, anarudi mazoezini wiki hiyohiyo. Picha safi inamaanisha tu kwamba mfupa haujavunjika. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kugeuka linastahili kupimwa kwa mikono ya mtu anayelijua goti, na ikibidi kupigwa picha ya MRI. Ukiwa mbali na mji mkubwa, omba rufaa mapema. Hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili pale Dar es Salaam au KCMC pale Moshi zinapokea wagonjwa wa namna hii, na si aibu kusafiri kwa ajili ya mguu wako.

Sasa suala la upasuaji. Kila anayechanika ACL huambiwa na marafiki kwamba lazima akatwe, na akatwe upesi. Si lazima kwa kila mtu. Huko Sweden watafiti waliwafuatilia vijana na watu wazima 121 waliochanika ligamenti hiyo. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema. Nusu wakaanza kwa mazoezi tiba, na aliyehitaji akapasuliwa baadaye. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili makundi hayo mawili yalikuwa na hali inayolingana. Hata baada ya miaka mitano, karibu nusu ya wale walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Lakini wachezaji wa kulipwa hawakuwemo katika utafiti huo. Anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka ghafla, au ambaye goti linalegea hata anapotembea, au ambaye meniska imechanika pia, mara nyingi atashauriwa upasuaji. Kaeni na daktari, mwambieni maisha yenu yalivyo, muulizeni. Kijana anayeuliza hamkosei heshima daktari wake.

Upasuaji ukiamuliwa, usiende nao goti likiwa limevimba na limekaza. Wiki za kungoja ni wiki za kazi: ondoa uvimbe, nyoosha goti hadi mwisho, imarisha paja. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa gumu hutoka gumu zaidi.

Na familia zisikie hili. Tunajua kuchangishana. Ndugu watakaa kikao, kundi la simu litafunguliwa, fedha za upasuaji zitapatikana hadi senti ya mwisho. Kisha mgonjwa anarudi nyumbani, na hakuna aliyeweka akiba ya nauli ya kumpeleka kliniki ya mazoezi kwa miezi inayofuata. Hapo upasuaji mzuri unaharibika kwa kukosa nauli ya basi. Mnapopanga bajeti, andikeni mambo mawili tangu siku ya kwanza: upasuaji na mazoezi. La pili likikosekana, la kwanza mmelitupa.

Daktari anachofanya ni hiki. Kwa matundu madogo na kamera, anaondoa mabaki ya ligamenti iliyochanika na kuweka nyingine mahali pake, aliyoitengeneza kutokana na kano yako mwenyewe. Huitoa nyuma ya paja, au chini ya kilegesambwa, au juu yake. Anatoboa njia katika mfupa wa paja na wa muundi, anaipitisha, anaifunga. Siku ile inatoka ikiwa imara. Lakini kano hiyo imekatwa kwenye chanzo chake cha damu. Mmeona mche wa mpunga ukitolewa kitaluni na kupandikizwa shambani: kwanza unanyauka, majani yanageuka manjano, na mkulima mjuzi hauvuti kuona kama umeshika. Kano mpya nayo hupita katika unyonge huo. Hudhoofika kabla ya kuota mishipa mipya ya damu, na wiki zake dhaifu zaidi huanzia karibu ya 6 hadi ya 12. Ziangalieni wiki hizo vizuri. Ni wakati ambao kidonda kimeshafunga, magongo yamerudishwa, usingizi umekuwa mzuri, na kijana anasema ndani ya nafsi yake kwamba amepona. Nje kila kitu kinaonekana kizuri wakati ndani ligamenti iko katika hali yake mbaya kuliko siku aliyotoka hospitalini.

Nirudi kwenye siku za mwanzo, kwa kuwa kuna makosa madogo yenye gharama kubwa. La kwanza ni mto. Mgonjwa akilala, goti linapata raha likikunjwa kidogo, na mama mwenye huruma anamwekea mto chini ya goti. Baada ya wiki tatu goti halinyooki tena, na kijana anachechemea kwa miezi. Ukitaka kuinua mguu, mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki wazi, linyooke kwa uzito wake. Katika wiki zile za kwanza kunyoosha goti kabisa kuna thamani kuliko kulikunja. Kaza paja huku ukibonyeza nyuma ya goti kwenye godoro, hesabu hadi tano, achia, rudia. Inua mguu ulionyooka. Vuta kisigino taratibu kuelekea makalioni kwa kiwango ulichopewa. Mazoezi haya hayahitaji mashine yoyote. Yanahitaji kitanda na mtu mwenye nia. Kama meniska nayo imeshonwa, masharti ya kukunja na kukanyaga huwa makali zaidi, na ufuate yale uliyoandikiwa wewe, si ya mwenzako wa kitanda cha jirani.

La pili ni mambo ya nyumbani ambayo hospitali husahau kuyataja. Choo cha kuchuchumaa hakikufai kwa muda. Fundi wa mtaani atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, na kitakuokoa. Bodaboda usiipande mwezi wa kwanza, hata kama dereva ni ndugu yako. Mguu ulionyooka pembeni ya pikipiki uko wazi kwa kila gari. Wewe unayeswali, dini imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, basi tumia kiti bila kuona haya, wala usilazimishe kukalia visigino kabla goti halijaruhusiwa kukunja kiasi hicho. Wewe unayepiga magoti kanisani, ibada yako itapokelewa ukiwa umesimama.

La tatu ni dalili zisizosubiri asubuhi. Shavu la mguu likivimba, likawa gumu na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Usilichue hata kidogo. Ukipata shida ya kupumua ghafla au maumivu ya kifua, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukipata homa, goti likawa jekundu na la moto, au kidonda kikatoa usaha. Hapo hakuna kungoja siku ya kliniki.

Tukija kwenye mwezi wa tatu na wa nne, ndipo nasaha yangu inapokuwa kali. Umeanza kukimbia taratibu kwa mstari ulionyooka, ikiwa mtaalamu wako ameruhusu. Paja bado ni jembamba kuliko lenzake. Kuliona tu kwa macho kunatosha. Kisha simu inalia: kuna mechi ya ndondo Jumamosi, mchezaji mmoja amepungua, ingia hata dakika ishirini. Simu hiyo nimeona ikiharibu magoti mengi. Wanaopiga hawana nia mbaya. Wanakupenda na wamekukosa. Lakini ukianguka tena hawatalipa wao, na Jumamosi inayofuata watampigia mwingine.

Msidhani haya ni ya wachezaji wa mchangani pekee. Ronaldo wa Brazil, aliyekuwa mshambuliaji anayeogopwa kuliko wote duniani, aliumia kano iliyo chini ya kilegesambwa cha goti la kulia tarehe 21 Novemba 1999, akiichezea Inter Milan dhidi ya Lecce. Akapasuliwa. Tarehe 12 Aprili 2000, muda usiofika miezi mitano, aliingizwa katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Alicheza dakika chache tu. Akiwa na mpira, bila mtu kumgusa, goti lilimwachia na kano ikakatika kabisa. Alikuwa na madaktari bora na klabu tajiri, na bado goti halikumwogopa. Safari ya pili alikaa nje zaidi ya mwaka mzima. Watu walisema amekwisha. Mwaka 2002 alifunga mabao 8 katika Kombe la Dunia, mawili kati ya hayo kwenye fainali dhidi ya Ujerumani kule Yokohama. Nataka mkumbuke pande zote mbili za habari yake.

Mtaniuliza, basi mtu arudi lini? Kwa upasuaji wa ACL, jibu lina sehemu mbili, na zote zitimie. Ya kwanza ni muda: usirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9. Watafiti wa Norway na Marekani waliochapisha kazi yao 2016 waligundua kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kasi ya kuumia upya kwa asilimia 51. Ya pili ni vipimo. Nguvu ya paja la mguu uliopasuliwa ifikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Uruke kwa mguu mmoja, mara moja, mara tatu mfululizo, na kwa kukata mstari huku na huku, na umbali ulingane na wa mguu wa pili kwa kiwango hichohicho. Katika utafiti huo, waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu kwanza, walioumia tena hawakufika asilimia 6.

Kalenda peke yake haitoshi. Nimeona vijana waliokaa nyumbani miezi 12 wakiangalia televisheni, kisha wakarudi uwanjani kwa kuwa mwaka umepita. Muda unaipa ligamenti nafasi ya kushika; jasho lako ndilo linaloijenga misuli itakayoilinda. Kama gimu iko mbali, tumieni mlivyo navyo: mfuko wa mchanga wa kufunga kifundoni, ngazi za jengo la shule kwa kupanda na kushuka kwa mguu mmoja, ukuta wa kuegemea ukichuchumaa nusu, baiskeli ya babu. Kinachotakiwa ni mpango wa mtaalamu, uzito unaoongezwa kidogo kidogo, na uaminifu wa siku zile ambazo hakuna anayekutazama.

Mna mifano ya watu waliosubiri. Virgil van Dijk wa Liverpool alichanika ACL Oktoba 2020 katika mechi na Everton. Mashindano ya Ulaya yalikuwa yanamngoja majira ya joto yaliyofuata, na timu yake ya taifa ilimhitaji kama nahodha. Mwezi Mei 2021 alitangaza kwamba hatakwenda, kwa sababu mwili wake haujawa tayari. Alirudi kucheza mwishoni mwa Julai, na msimu huo Liverpool ikabeba vikombe viwili vya Uingereza na kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa katikati ya ulinzi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, David Rudisha wa Kenya, akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, aliyakosa mashindano ya dunia ya 2013 kwa sababu ya goti. Bingwa wa Olimpiki akabaki nyumbani wenzake wakigombea medali. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia tena Beijing, na 2016 akatwaa dhahabu ya pili ya Olimpiki Rio. Kama watu hao waliweza kuyaacha mashindano ya dunia yapite, wewe unaweza kuiacha ndondo ya Jumamosi.

Binti zangu, nina neno lenu peke yenu. Wasichana wanaocheza michezo ya kugeuka na kuruka huchanika ACL mara mbili au zaidi ya wavulana wa mchezo huohuo. Sababu zimechanganyika: umbo la nyonga na goti, namna ya kutua, na pia ukweli kwamba wengi wenu mmeanza mazoezi ya nguvu mkiwa mmechelewa, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha. Viatu vyenu mara nyingi vimeazimwa kwa kaka. Msikubali kuambiwa kwamba mazoezi ya uzito yatawaharibia umbile. Misuli ya paja na nyonga ndiyo ngao ya goti. Alexia Putellas wa Hispania, mchezaji bora wa dunia wakati huo, alichanika ACL Julai 2022, siku moja kabla ya kuanza kwa Mashindano ya Ulaya. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, baada ya miezi 9, na Agosti mwaka huo akawa kikosini Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia.

Kuna pia jeraha la moyo, na wazee wenzangu wengi hulipuuza. Kijana aliyezoea kushangiliwa anakaa kitandani, anasikia kelele za uwanja kwa mbali, marafiki wanapungua wiki baada ya wiki. Kama mpira ulikuwa unampa riziki, mfuko nao umekauka. Anakuwa na hasira, halali, haongei. Wazazi, msimwambie ajikaze tu. Kaeni naye. Makocha, mwiteni mazoezini aketi benchini, ahesabu pasi, awasaidie wadogo kupasha misuli, ili asijione ametupwa. Nawe kijana, hofu ya kuuweka mguu chini wakati wa kurudi si uoga. Iseme kwa mtaalamu wako, naye atakupandisha hatua kwa hatua: kwanza kugeuka bila mpira, kisha na mpira, kisha na mwenzako, kisha mechi ya mazoezi, kisha mechi yenyewe. Anayeruka hatua hizo kwa ujasiri wa mdomo huingia uwanjani mwili umekaza, na mwili uliokaza huumia.

Lazima niseme na lile gumu. Kurudi si ahadi. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa 2014 ulionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa ACL, waliorudi kwenye mashindano walikuwa asilimia 55. Na kati ya vijana chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huchanika tena, ama goti lilelile ama la mguu wa pili. Ndiyo maana miezi ile ya kukaa nyumbani isipotee bure. Maliza shule, jifunze ufundi, soma ukocha au uamuzi. Ukirudi uwanjani utarudi na kitu cha ziada mkononi. Usiporudi utakuwa na pa kushika.

Na wale ambao magoti yenu bado mazima, msinisome kama watazamaji. Upo mpango wa kupasha mwili uitwao 11+, ulioandaliwa na FIFA pamoja na wataalamu wa Oslo. Una mazoezi 15 yanayochukua dakika zisizozidi 20: kukimbia taratibu, kuimarisha nyuma ya paja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole bila kuangukia ndani. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi, na yale makubwa kwa karibu nusu. Hauhitaji vifaa zaidi ya mpira. Timu inayotumia nusu saa kupiga danadana kabla ya mechi haiwezi kusema imekosa dakika 20. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa goti hujengwa kwa kisu, miezi 9 na fedha za ukoo mzima.

Nayasema haya nikiangalia mbali kuliko msimu ujao. Miaka 10 hadi 20 baada ya goti kuchanika namna hii, karibu nusu ya watu huonekana na dalili za gegedu kusagika, ugonjwa ambao tumezoea kuuona kwa bibi na babu. Kijana aliyeumia akiwa na miaka 20 anaweza kuukuta akiwa na 35, wakati anatakiwa kubeba mtoto, kulima, kusimama dukani au darasani. Kila kuumia upya, na kila meniska inayokatwa, kunausogeza karibu. Goti mnalolichezea leo si la timu. Ni la baba na mama mtakaokuwa, na ni la mzee mtakayekuwa. Msilitoe rehani kwa dakika ishirini.

Kwa hiyo wewe uliyepasuliwa, ambaye hivi sasa husikii maumivu na mkoba wa viatu umeuweka mlangoni, fanya hivi kabla ya kuubeba. Hesabu miezi kwa ukweli, kuanzia siku ya upasuaji. Nenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, apime mguu mmoja mmoja, nguvu na kuruka. Omba majibu kwa maandishi. Yakisema bado, rudi kwenye mazoezi yako bila kununa. Yakisema tayari, mpelekee kocha karatasi hiyo mkononi, umwombe akuanzishe kwa dakika chache na kuziongeza wiki kwa wiki. Kocha akikataa kuisoma, au akikuambia mpira hauchezwi kwa karatasi, muage kwa heshima na utafute timu nyingine. Timu zipo nyingi.